Tusisubiri Tumbo Lijae Maji

Waumini wa Nyanda za Juu Kusini ni wepesi wa kutoa mgonjwa anapofikia hatua mbaya. Ikitangazwa baada ya Komunyo kwamba ini la ndugu yetu limeharibika na kwamba anatakiwa kupelekwa India kupandikizwa jingine, bahasha huzunguka katika jumuiya ndogo ndogo na kila mtu hutia alichonacho. Siupingi upendo huo. Hoja yangu ni kwamba tunauleta mwishoni kabisa mwa safari ya ugonjwa, ilhali tafiti za kitabibu zinaonyesha kuwa mwanzoni ungefanya kazi kubwa zaidi kwa fedha kidogo.

Kwanza tuondoe shaka moja. Kanisa halikatazi kupandikiza viungo. Katekisimu, namba 2296, inauhesabu utoaji wa kiungo kuwa tendo jema na la ukarimu. Mtakatifu Yohane Paulo II aliusifu katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, na tarehe 29 Agosti 2000 alikutana mjini Roma na madaktari wa upandikizaji kutoka pande zote za dunia. Masharti yanajulikana: mtoaji akubali kwa hiari baada ya kuelezwa vizuri, kiungo kisiuzwe, na kama kinatoka kwa marehemu, kifo kiwe kimethibitishwa. Kwa ini kuna jambo la kushangaza zaidi: mtu aliye hai anaweza kumkatia ndugu yake sehemu ya ini, na vipande vyote viwili vikakua tena.

Elimu hiyo ilipatikana kwa machozi. Daktari Thomas Starzl alijaribu kumpandikiza mtu ini kwa mara ya kwanza huko Denver, Marekani, mwaka 1963, na mgonjwa wake, mtoto mdogo, akafariki. Ilichukua hadi mwaka 1967 kupata wagonjwa walioishi zaidi ya mwaka mmoja. Leo tiba hiyo ni ya kawaida katika hospitali kubwa duniani. Hapa kwetu, Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, lakini kwa ini mgonjwa bado hutazama nje ya nchi. Anahitaji makumi ya mamilioni ya shilingi, mtoaji anayefaa, nguvu za kusafiri, na baadaye dawa za kila siku maisha yake yote. Ni wangapi kati ya wakulima wa Mbozi au Kilolo wanaoweza kuvipata vyote hivyo kabla muda haujawaishia?

Tatizo ni kwamba ini ni kiungo kinyamavu. Mtu anaweza kukaa na virusi vya homa ya ini aina ya B miaka ishirini au thelathini huku analima, anaimba kwaya na kusomesha watoto. Makovu hujijenga ndani kidogo kidogo mpaka ini linakuwa gumu na damu inashindwa kupita vizuri. Hapo ndipo tumbo hujaa maji, macho hugeuka manjano na mgonjwa anaweza kutapika damu. Na hapo ndipo wengi wetu huanza kuuliza, tena swali la kwanza pengine lisiwe "anaumwa nini?" bali "nani kamfanyia hivi?" Familia ikianza kuzunguka kwa waganga, miezi inapotea, na hospitali humpokea mtu ambaye kumsaidia kumeshakuwa kugumu.

Sasa tuangalie tafiti zinasema nini. Mwaka 2004 madaktari wa Asia walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 651 wa homa ya ini B ambao maini yao yalikuwa na makovu mengi. Baadhi walipewa dawa iitwayo lamivudini, wengine kidonge kisicho na dawa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilikuwa wazi: ugonjwa uliendelea kwa asilimia 7.8 ya waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 17.7 ya wale wengine. Mwaka 2013 utafiti mwingine uliwafuatilia watu waliotumia tenofoviri kwa miaka mitano na kupima vipande vidogo vya maini yao. Kati ya watu 96 ambao mwanzoni maini yao yalikuwa yamesinyaa kwa makovu, 71 hawakuwa tena katika hali hiyo. Kwa wagonjwa hao, jambo ambalo wengi waliamini haliwezekani, ini lenye makovu kurudi nyuma kuelekea uzima, lilitokea kwa kidonge kimoja kwa siku.

Tukumbuke jambo moja: watu hao walikuwa bado hawajafika hatua ya tumbo kujaa maji. Dawa hupunguza madhara hata kwa waliochelewa, lakini matunda yake makubwa huyapata aliyepimwa mapema. Na dawa zenyewe si ngeni kwetu. Tenofoviri na lamivudini ni sehemu ya kidonge ambacho ndugu zetu wengi wa Iringa, Njombe na Mbeya wanakitumia kila siku kwa ajili ya VVU. Hii haina maana kwamba mwenye homa ya ini aazime vidonge vya jirani. Ni daktari anayeamua nani aanze, na kuiacha dawa kiholela kunaweza kuliamsha gonjwa kwa ukali. Maana yake ni kwamba kinachotukosesha tiba mara nyingi ni kutojua hali zetu.

Kinga nayo ina ushahidi wake. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na ndani ya miaka kumi saratani ya ini kwa watoto wenye umri wa miaka 6 hadi 14 ilipungua karibu nusu. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Kwa hiyo frateri aliyezaliwa mwaka 1999, na mzazi wake, na katekista aliyemfundisha, walizaliwa kabla ya ratiba hiyo. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa karibu asilimia 90 wa kubaki na virusi maishani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chanjo ya kwanza itolewe ndani ya saa 24, na mama mjamzito apimwe.

Halafu kuna ghala la mahindi. Sisi ni watu wa mahindi, na mahindi yaliyovunwa mabichi na kurundikwa bila kukaushwa huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Utafiti uliofanywa Shanghai miaka ya tisini ulionyesha kuwa virusi vya homa ya ini B peke yake huongeza hatari ya saratani ya ini mara 7, sumukuvu peke yake mara 3, lakini vikikutana kwa mtu mmoja, hatari hufika karibu mara 60. Mwenye virusi asiyejijua anayekula mahindi ya ukungu na kushushia kwa ulanzi, komoni au gongo kila jioni, analishambulia ini lake kutoka pande tatu.

Kwa waseminari nina neno la pekee. Katika mabweni yetu wembe au mashine ya kunyolea vinaweza kupita kwenye vichwa vingi, na virusi hivi husafiri kwa damu. Hilo liachwe leo. Lakini virusi hivi haviambukizwi kwa kupeana mkono, kwa sahani wala kwa kalisi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mwenzetu mezani au altareni. Na mwombaji wa wito anayekutwa na virusi katika vipimo vya afya apelekwe kwa daktari, afuatiliwe, na aendelee na malezi. Seminari ikimfukuza kwa sababu hiyo, waombaji wa mwaka unaofuata watajifunza kuficha, na ugonjwa unaofichwa ndio unaoishia kwenye tumbo lililojaa maji.

Najua litakalosemwa: uhai wa mtu haupimwi kwa mahesabu, na Msamaria mwema hakumwambia yule aliyepigwa na wanyang'anyi kwamba angetumia njia nyingine. Ni kweli. Aliye mahututi leo ana haki ya machozi yetu, fedha zetu na Mpako wa Wagonjwa, na kama kuna njia ya kumpandikiza ini, tusimfungie mlango. Lakini barabara ile ile ikijeruhi watu kila mwaka, upendo unatudai tuiangalie na barabara. Gharama ya safari moja ya India ingewapima na kuwachanja waumini wengi sana wa parokia moja, na walio nyuma ya hesabu hiyo ni watu wenye majina katika daftari letu la ubatizo.

Tufanye nini basi? Sehemu ya mfuko wa wagonjwa wa parokia itengwe kwa ajili ya vipimo na chanjo. WAWATA wawahimize wajawazito waulize kuhusu kipimo cha homa ya ini B kliniki. Viwawa wajitolee damu, kwa kuwa kila chupa ya damu hupimwa virusi hivi, na mtoaji ana nafasi ya kuuliza majibu yake. Jumuiya zinunue maturubai ya kuanikia mahindi kwa pamoja. Na watafiti wa afya wakija kwetu, wa taasisi ya NIMR iliyopo Mbeya au wengineo, tusiwakimbie kama mumiani. Tuwaulize maswali yote, tusome fomu kabla ya kusaini, na tukiridhika, tushiriki. Wale 651 walikubali kuhesabiwa ili mgonjwa wasiyemjua atibiwe vizuri zaidi.

Siku ya Wagonjwa Duniani huadhimishwa tarehe 11 Februari. Kwa kawaida siku hiyo tunawaombea wanaoumwa. Mwakani, pamoja na sala, paroko azungumze mapema na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na Tosamaganga, au na kituo cha afya kilicho karibu, ili wauguzi wawepo nje ya kanisa Misa inapokwisha. Na wa kwanza kukunja mkono wa kanzu na kutoa kidole awe paroko mwenyewe.