Nani Kasema Chuo cha Jamii ni cha Waliofeli?

Eileen Collins aliandika historia mwaka 1999 alipokuwa mwanamke wa kwanza kuwa kamanda wa chombo cha anga cha Marekani. Masomo yake ya juu aliyaanzia Corning, chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, katika jimbo la New York. Alipomaliza miaka yake miwili hapo mwaka 1976, akaendelea na Chuo Kikuu cha Syracuse.

Bado, katika familia nyingi za Waswahili waliohamia Marekani, kijana akitaja chuo cha jamii mzazi hukunja uso. Dharau hiyo walitoka nayo nyumbani. Tanzania, vyuo vya ufundi vya VETA vimesemwa mitaani kwa miaka mingi kuwa ni vya waliofeli kidato cha nne. Imani hii ni potofu, na wanaoilipia ni watoto.

Tazama uuguzi. Katika maabara ya chuo cha jamii, mwanafunzi huinamia mwanasesere mwenye ukubwa wa mtu mzima, akipapasa mkono wa mpira kutafuta mshipa wa kuingizia sindano, mwalimu kasimama pembeni akimkagua. Baada ya miaka miwili ya masomo ya uuguzi, hufanya mtihani wa leseni wa NCLEX-RN. Ni mtihani uleule anaoufanya aliyekaa chuo kikuu miaka minne, na leseni ni ileile. Zipo hospitali zinazodai shahada ya kwanza. Muuguzi huyu anaweza kuisomea akiwa kazini, mshahara ukiingia.

Fundi wa usafi wa meno naye anaweza kupata leseni kwa shahada ya miaka miwili. Kwa takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani, mwaka 2023 nusu ya mafundi hao walipata zaidi ya dola 87,000. Hayo ndiyo malipo ya aliyefeli?

Wenye dharau wanayo hoja moja nzito. Wengi huanza chuo cha jamii wakiwa na nia ya kuhamia chuo kikuu, lakini ndani ya miaka sita wanaopata shahada ya kwanza ni pungufu ya mmoja kati ya watano. Ni kweli, na inauma. Ila wengi wao wanasoma huku wakifanya kazi, na wengine wakihama hukuta chuo kipya kinakataa sehemu ya masomo waliyokwisha kuyafaulu. Kasoro iko kwenye njia.

Na njia inaweza kunyooshwa mapema. Mwaka 2011, huko Brooklyn, ilifunguliwa sekondari ya P-TECH kwa ushirikiano wa jiji la New York, chuo kikuu chake cha umma na kampuni ya IBM. Mtoto huingia darasa la tisa. Ndani ya miaka sita anaweza kutoka na cheti cha sekondari pamoja na shahada ya miaka miwili ya teknolojia, bila kulipa ada.

Basi mzazi aache kuona aibu, aende na mwanawe ofisi ya ushauri ya chuo. Waulize kozi anayoitaka kijana inampa leseni gani, na chuo kikuu kipi kitayapokea masomo yake. Majibu wayadai kwa maandishi, kabla ya kulipia muhula wa kwanza.