Mtu mmoja, vijiji vinne: namna michezo ya telefone inavyozidisha kompte

Mwangalie kijana anayecheza Clash of Clans saa za jioni, pale umeme unaporudi mtaani. Anafungua kijiji chake, anakusanya dhahabu, anawatuma wajenzi kazini, kisha anaingia kwenye mipangilio na kugusa jina lingine. Kijiji cha pili kinafunguka. Anarudia kazi ileile. Halafu cha tatu, halafu cha nne. Telefone ni moja na mtu ni mmoja, lakini ndani ya mchezo yeye ni watu wanne.

Wazazi wake wanasema amelogwa na telefone. Marafiki wake wanasema ni mjanja. Wote wanamtazama mchezaji peke yake, na hakuna anayemtazama aliyeutengeneza mchezo. Kompte hizi nyingi hazikutoka hewani. Karibu kila jambo jipya lililoongezwa katika mchezo huu kwa miaka mingi limempa mchezaji sababu moja zaidi ya kufungua kijiji kingine.

Clash of Clans ulitoka mwaka 2012, kazi ya kampuni Supercell ya Helsinki, Finland. Tangu mwanzo umesimama juu ya kungoja. Mchezaji ana wajenzi wachache, wawili anapoanza, na wale waliofika mbali hawapiti sita. Ukuta au mnara ukianza kujengwa upya, mjenzi amefungwa. Kwenye ngazi za chini ni dakika na saa, kwenye ngazi za juu ni siku nyingi. Mwenye haraka anaweza kulipa makuta ili kazi iishe mara moja. Asiye na makuta anangoja. Na anayengoja huku bado ana hamu ya kucheza, atafanya nini? Atafungua kijiji cha pili, ambacho wajenzi wake hawajashikwa na kazi.

Zamani hiyo haikuwa kazi rahisi. Kijiji kilifungamana na kompte ya Google au ya Apple, na mwenye vijiji viwili mara nyingi alihitaji telefone mbili, au subira ya kutoka na kuingia kila mara. Supercell ID ndiyo iliyobadilisha mambo. Mchezaji anaandikisha anwani ya barua pepe, anapokea namba ya siri, na kuanzia hapo vijiji vyake vyote vinapangwa kwenye orodha moja. Kuhama kutoka kimoja kwenda kingine ni kugusa mara mbili tatu tu. Kampuni ilileta chombo hicho ili watu wasipoteze vijiji vyao wanapobadilisha telefone, na kwa hilo kimesaidia sana. Hata hivyo, orodha yenye nafasi ya majina mengi ni mwaliko, hata kama hakuna aliyeandika neno la kualika.

Baadaye zikaja zawadi za pamoja. Mwisho wa mwaka 2017 kulianza Clan Games: kwa siku kadhaa kila mwezi, watu wa klani moja wanafanya kazi ndogondogo na kuchanga pointi ili kufungua zawadi kwa wote. Kwa kawaida zawadi ya juu kabisa inadai pointi 50.000, na mchezaji mmoja hawezi kupita pointi 4.000. Hesabu ni nyepesi: wanahitajika watu 13, wote wakimaliza kazi yao mpaka mwisho. Klani yenye marafiki 8 wanaojituma haitafika. Lakini marafiki wale 8, kila mmoja akiwa na vijiji viwili, watafika na kubakisha. Mchezo haukusema popote “fungueni kompte nyingine”. Uliweka mpaka kwa kila kompte, ukaweka lengo kubwa kwa klani, kisha ukawaachia watu wapige hesabu.

Mwezi wa kumi 2018 ikaja ligi ya vita vya klani. Ilipoanza, klani ilipaswa kuandikisha wapiganaji 15 au 30, siku saba za vita, kila mmoja shambulio moja kwa siku. Anayejua maisha ya klani ndogo anajua kinachotokea siku ya kuandikisha. Watu 11 wapo, wanne wanakosekana. Kiongozi anaandika kwenye kikundi cha WhatsApp: nani ana kijiji kingine? Na aliye nacho anaonekana mtu wa maana kuliko asiye nacho. Hapo kompte ya pili inaacha kuwa hiari ya mtu, inakuwa deni kwa wenzake.

Mwaka 2022 Clan Capital ikaongeza uzito huo. Kila mwisho wa juma, kuanzia siku ya tano mpaka siku ya kwanza, kila kompte inapata mashambulio matano, na moja la nyongeza. Mwenye kompte moja anafanya sita. Mwenye nne anafanya 24, analeta dhahabu mara nne zaidi kwa klani, na anachukua zawadi mara nne. Je, yeye ni hodari kuliko mwenzake mara nne? Hapana. Amekaa na telefone mara nne zaidi, basi.

Katika habari yote hii kuna badiliko moja linalostahili kutazamwa kwa uangalifu, kwa sababu kwa sura ya nje linaonekana kwenda upande mwingine. Mwezi wa tatu 2025, Supercell iliondoa muda wa kuandaa jeshi. Kabla ya hapo, baada ya kushambulia mchezaji alingoja askari wake watengenezwe upya, na wengi walisema hiyo ndiyo sababu ya kuwa na kijiji cha pili: jeshi la huku likiandaliwa, wanapigana kule. Sasa jeshi liko tayari saa yote. Mtu angetegemea kompte za ziada zikose kazi. Lakini kungoja hakukufa, kulihama. Mchezaji sasa anaweza kushambulia mfululizo, anajaza ghala zake kwa muda mfupi, anawapa wajenzi wote kazi, kisha anafika ukutani: mali ipo, mjenzi hayupo. Alikuwa anafika hapo baada ya siku mbili, leo anafika baada ya saa moja. Na akifika, ile orodha ya Supercell ID iko palepale, na kijiji kingine ndani yake kina wajenzi wasio na kazi.

Hakuna haja ya kudhani kwamba wahandisi wa Helsinki walikaa mezani wakapanga kuwachosha watu. Inawezekana kabisa kila badiliko lilitoka kwa nia njema, na wachezaji wenyewe ndio waliolilia muda wa jeshi uondolewe. Lakini nia njema haifuti hesabu ya biashara. Kompte inayofunguliwa kila siku ni kompte hai, na kompte hai ndicho kitu ambacho kampuni za michezo hupenda kuonyesha. Zaidi ya hapo kuna Gold Pass, iliyoanza mwezi wa ine 2019 kwa bei ya dola karibu 5 kwa mwezi. Pasi hiyo hufungamana na kijiji, haimfuati mtu. Mwenye vijiji vitatu akitaka vyote viende mbio, analipa mara tatu. Kampuni inajua kuhesabu mtu kama watatu wakati wa kulipisha. Haijawahi kuonyesha haraka ya kumhesabu kama mmoja wakati wa kugawa mashambulio.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ni mchezo mmoja tu, wenye sheria zake. Basi atazame Pokémon GO, ambao sheria yake ni kinyume kabisa. Huko kucheza kwa kompte zaidi ya moja kumekatazwa, kumeandikwa pamoja na njia nyingine za udanganyifu. Na bado mchezo umeendelea kulipa kile unachokataza. Mwaka 2017 zilianza vita vya pamoja, ambamo mnyama mwenye nguvu hashindwi na mtu mmoja. Katika mji mkubwa wa Japani au Marekani, watu walikusanyika barabarani na ikawa furaha. Pahali penye wachezaji wawili watatu, mtu alichagua kati ya kukosa na kubeba telefone ya pili. Mwaka 2018 kulikuja kubadilishana Pokémon kati ya marafiki, na mwenye kompte mbili akawa rafiki yake mwenyewe. Mwezi wa kumi 2023 ilikuja Party Play, ambayo huwapa nguvu ya ziada watu wawili mpaka wanne wanaocheza wakiwa karibu. Wazo lake ni zuri: marafiki watembee pamoja. Lakini mtambo hauwezi kujua kama telefone nne zilizo karibu ziko katika mikono minane au katika mfuko mmoja. Taiwan kuna mzee aliyepata sifa duniani tangu 2018 kwa kufunga telefone zaidi ya 10 kwenye baiskeli yake ili kucheza Pokémon GO. Watu walicheka, magazeti yakampiga picha, na kampuni ya telefone ikamfanya uso wa matangazo yake. Hakuna aliyekumbusha sheria.

Kwa hiyo kukataza peke yake hakutoshi, na kuruhusu peke yake kunafungua mlango wazi. Kinachoamua ni zawadi inakwenda wapi.

Hapa Kongo ya Mashariki jambo hili lina sura yake, na si yote mabaya. Katika nyumba nyingi telefone moja nzuri ni ya watu wengi. Mkubwa anacheza akitoka kazini, mdogo anacheza akitoka masomoni, na binamu aliyekuja kukaa naye ana zamu yake. Kwao kubadilisha kompte kwa urahisi ni heri kubwa: kila mtu ana kijiji chake na hakuna anayeharibu kazi ya mwenzake. Anayetaka kompte nyingi zikatazwe kabisa akumbuke watoto hao. Mtambo ungewaona kama mtu mmoja mdanganyifu, wakati wao ni ndugu watatu wenye kioo kimoja.

Lakini kwa yule mwenye vijiji vinne peke yake, gharama ni ya kweli. Kila kijiji kinakula mega. Kila saa kwenye kioo inakula batri, na Goma, Bukavu ao Uvira, umeme ukikatika, kuchaji telefone kwenye kibanda ni kwa kulipa. Mchezo unaitwa wa bure, na kwa kweli mtu anaweza kucheza miaka bila kulipa kampuni hata franga moja. Anayelipwa ni mwenye mtandao na mwenye kibanda. Kijana anayetumia mega za siku nzima kwa ajili ya klani, kesho yake akiombwa kutuma karatasi zake za kuomba kazi, anakuta hana kitu.

Kuna hasara nyingine ambayo huzungumzwa kidogo. Mwenye kompte nyingi huchoka, na akichoka huuza. Sheria za Supercell zinakataza kuuza na kununua kompte, lakini biashara hiyo inaendelea katika vikundi vya WhatsApp na Facebook. Mnunuzi anatuma makuta kwa telefone, anapokea anwani ya barua pepe, anafurahi siku chache. Kisha mwenye kijiji wa kwanza anaandikia huduma ya kampuni kwamba amepoteza kompte yake, anaonyesha alama za zamani, na anarudishiwa. Mnunuzi hana pa kushitaki, kwa sababu yeye mwenyewe alivunja sheria. Kadiri kompte za ziada zinavyozidi, ndivyo soko hilo linavyopata bidhaa.

Na kuna wale walio na kijiji kimoja tu. Hao ndio wanaostahili kutetewa zaidi, na ndio wasiosikika. Wanacheza nusu saa kwa siku, wanafanya shambulio lao la vita vizuri, wanatoa askari kwa wenzao. Kisha wanaona majina ya mtu mmoja yakijaza nafasi nne za juu kwenye orodha ya klani, na wao wanaambiwa hawajitumi.

Kurekebisha si jambo gumu kwa kampuni inayoweza kujenga yote haya. Clan Games ingeweza kupima lengo kwa idadi ya watu walioshiriki, klani ya watu 8 ikapewa lengo la watu 8. Ligi ingeweza kukubali klani ndogo bila kuzilazimisha kutafuta majina. Gold Pass ingeweza kumfuata mtu katika vijiji vyake vyote, maana vimo kwenye Supercell ID moja na kampuni inaviona. Na jina la mwenye vijiji vingi lingeweza kuonekana waziwazi ndani ya klani, ili viongozi wajue wana watu wangapi kweli.

Viongozi wa klani nao hawahitaji kungoja Helsinki. Jioni ya kuandikisha ligi, kabla ya kuuliza nani ana kijiji kingine, wanaweza kuhesabu watu walio hai kwenye kikundi. Wakiwa 11, wakaungane na klani nyingine yenye 11. Wataweza kuandikisha 15 na kuwaacha saba wapumzike juma hilo.