Yanayosemwa Juu ya Mtoto Huntha

Mtoto akizaliwa, majirani huuliza jambo moja: wa kike au wa kiume? Mara chache mkunga hukosa jibu, kwa kuwa maumbile ya mtoto hayajaegemea upande mmoja. Pwani huyo huitwa huntha, bara wengi husema mwenye jinsia mbili, na Kenya siku hizi hutumia pia jinsi tata. Maneno yanayomzunguka nimeyasikia misikitini, makanisani na barazani. Nayajibu hapa kwa sababu yameshaua watoto.

"Ni laana. Mama yake kuna alilokosea." Mwaka 2017 wakunga wa jadi wa magharibi mwa Kenya waliieleza BBC jinsi mtoto wa namna hii alivyokuwa akiuawa kimyakimya mara tu anapozaliwa, kisha kwa fumbo ikasemwa kuwa kiazi kitamu kimevunjwa. Mkunga mmoja alisimulia alivyoamriwa kuua akakataa, akamchukua mtoto akamlea. Huyo ndiye aliyejua wajibu wake.

Kuhusu laana yenyewe, tuseme mambo kama yalivyo. Katika wiki za mwanzo za mimba, maumbile ya vijusi vyote hufanana. Jeni na homoni ndizo zinazoyapeleka upande huu au ule, na safari hiyo ina njia nyingi. Kuna mtoto ambaye tezi zilizo juu ya figo zake zimepungukiwa na kimeng'enya kimoja: hazitengenezi kotisoli ya kutosha, badala yake zinamwaga homoni za kiume kwa wingi. Akiwa binti, huzaliwa na maumbile ya nje yanayofanana na ya mvulana. Hali hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, baba jeni moja na mama jeni moja, kwa hiyo hata anayetafuta wa kulaumiwa hana haki ya kumwelekea mama peke yake. Na kuna jambo la kutisha zaidi. Baadhi ya watoto hawa hupoteza chumvi mwilini na hufa ndani ya wiki chache wasipopewa dawa. Dawa zipo, na wakizipata huishi. Ukoo unapokaa vikao vya kutafuta mganga wa kuondoa mkosi, mtoto anakaukiwa na maji mikononi mwao.

Wengine hawajulikani wakizaliwa. Binti anakua vizuri, anafika miaka kumi na sita bila kupata hedhi, anapimwa na kukutwa na kromosomu XY. Mwili wake hausikii homoni za kiume. Alikosea wapi huyo, na lini?

"Dini haimtambui." Anayesema hivi hajafungua milango ya mirathi katika vitabu vya fikihi. Wanazuoni wa Kiislamu walimjadili huntha karne nyingi kabla ya hospitali za kisasa: arithi nini, asimame safu ipi katika sala, aoshwe na nani akifa. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yanasema kwamba pale hali yake inapokuwa haijabainika, apewe kiasi kilicho na yakini, warithi wenzake nao wapewe chenye yakini, na kinachobaki kizuiwe mpaka mambo yabainike. Tazama adabu iliyomo humo. Fakihi hakumfukuza, hakumlazimisha. Alimwekea fungu lake na akakubali kusubiri. Mkristo naye asome Mathayo 19:12, ambapo Yesu anawataja waliozaliwa matowashi tangu tumboni mwa mama zao, wala hawalaani.

"Ni ushoga uliovishwa vazi jingine, ajenda ya Wazungu." Huntha ni habari ya mwili aliozaliwa nao mtu; anayempenda ni habari nyingine. Mtoto wa siku mbili hana ajenda. Sisemi hivyo ili nimnusuru huntha na kuwaacha wengine wapigwe, maana mashoga na wasagaji nao ni watoto wa watu, na fimbo inayowaangukia haina uhalali wowote. Nasema tu kwamba woga wa kuhusishwa na ushoga umewafanya wazazi wamfiche mtoto hata kwa daktari.

"Afanyiwe upasuaji mapema, yaishe." Wanaosema hivi mara nyingi wana huruma, na ndiyo maana hoja yao inahitaji jibu refu. Ilitoka Marekani katika miaka ya 1950, kwa mwanasaikolojia John Money wa Johns Hopkins, aliyeamini kwamba mtoto mdogo anaweza kulelewa katika jinsi yoyote ukiwahi. Aliijaribu kwa David Reimer, mvulana wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1965, ambaye hakuwa huntha bali aliharibiwa uume katika tohara. Akalelewa kama msichana. Money akatangaza mafanikio. Kijana alipofika balehe aliyakataa yote, akaishi kama mwanamume, na mwaka 2004 akajiua.

Upasuaji wa kuokoa maisha, kwa mfano mkojo ukiwa hauna njia, haubishaniwi. Ninaoupinga ni ule wa kumpendezesha mtoto machoni pa wageni. Nyama iliyokatwa hairudi, na wako wanaokua wakajikuta upande ambao daktari aliuondoa. Malta iliupiga marufuku mwaka 2015. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inakataza kubadilisha au kuondoa kiungo cha mtoto mwenye jinsi tata bila ushauri wa daktari bingwa wa jeni. Uganda imekwenda kinyume: sheria yake ya usajili wa watu ya 2015 inaruhusu kurekebisha jinsi ya mtoto huyo kwenye rejesta, lakini baada ya operesheni. Mzazi anayetaka karatasi anasukumwa kwenye kisu.

"Wale wanariadha wanadanganya." Mwaka 2016 katika Olimpiki ya Rio medali zote tatu za mita 800 za wanawake zilikwenda kwa Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni za mashindano kuhusu wanawake wenye maumbile ya namna hii zinaweza kujadiliwa. Lakini mwongo ni mtu anayeficha ukweli anaoujua, na hawa walilelewa na kusajiliwa kama mabinti.

"Ni wachache mno kushughulikiwa." Mtoto mmoja alizaliwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na kwenye karatasi, mahali pa jinsi, pakaandikwa alama ya kuuliza. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu, na Desemba 2014 serikali ikaagizwa itaje chombo kitakachokusanya takwimu za watoto kama yeye. Sensa ya 2019 ikawahesabu kwa mara ya kwanza: watu 1,524 kati ya milioni 47.6. Kadirio la chini kabisa linalotumiwa na Umoja wa Mataifa ni asilimia 0.05, ambayo kwa Kenya inazidi watu 23,000. Uchache huo umetengenezwa na aibu. Karani wa sensa aliandika alichoambiwa, na wazazi wengi walimwambia kile ambacho jirani angekubali kukisikia. Nchi inayotaka hesabu ya kweli ianze na wodi za wazazi: mkunga afundishwe, mtoto apimwe damu mapema, na cheti cha kuzaliwa kitolewe bila kungoja kisu.