Acheni Kuiabudu Back in Black

Kila nikitaja AC/DC, lazima mtu aniambie: Back in Black, basi, zingine zote ni marudio. Jameni, acheni hizo.

Back in Black ni kali, sikatai. Bon Scott alifariki London Februari 1980, na kufikia Julai bendi ilikuwa na mwimbaji mpya, Brian Johnson, na albamu mpya madukani. Si kazi ndogo. Lakini wengi wenu mnaipenda kwa sababu ndiyo iliyouza.

Mimi nashikilia Powerage ya 1978. Kwenye "Downpayment Blues" Bon ni mtu aliyesota kabisa, na bado haombi huruma ya mtu. Nani kati yetu hajui mwisho wa mwezi wa aina hiyo? Chini yake gitaa la Malcolm Young halina madoido. Linashikilia mdundo tu, kavu, ili mdogo wake Angus apate pa kurukia.

Na hili la "wanajirudia" ndilo huniudhi zaidi. Sikizeni Rock or Bust ya 2014, ya kwanza bila Malcolm, ambaye ugonjwa ulimlazimu kuacha. Stevie, mtoto wa kaka yao, alichukua gitaa lake na kujitahidi. Nyimbo zinaenda, lakini ule uzito haupo. Kama kujirudia kungekuwa rahisi, pengo la mtu mmoja lisingesikika hivyo.

Kwa hivyo kabla hujaniambia zote ni moja, sikiza Powerage mwanzo hadi mwisho. Halafu tuongee.