Pingamizi za Kikristo juu ya Mageuko ya Viumbe: Zijibiwe, Zisikwepwe

Mwezi Agosti, 1984, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyesifika kwa wepesi wa jicho lake katika kutambua visukuku, aliokota kipande kidogo cha fuvu mahali paitwapo Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Uchimbaji uliofuata ulifichua mifupa ya mvulana aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Hadi leo mifupa hiyo ni miongoni mwa ile iliyokamilika zaidi ya watu wa kale wa namna yake. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalipokuwa yakitengenezwa upya, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili nchini Kenya, akiwamo Askofu Boniface Adoyo, walipinga mifupa hiyo kupewa nafasi ya mbele. Walitaka iwekwe kando, na watazamaji waelezwe kwamba mageuko ni nadharia tu. Richard Leakey, ambaye kikosi chake ndicho kilichoifukua, aliwajibu kwa maneno makali. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008, na mvulana wa Turkana akaonyeshwa.

Mabishano hayo yalikwisha magazetini, madarasani hayajakwisha. Kwa miaka mingi mada ya mageuko imekuwamo katika somo la biolojia la shule za sekondari za Kenya na Tanzania. Hata hivyo, si ajabu kumwona mwanafunzi akiandika jibu moja katika karatasi ya mtihani na kushika jingine moyoni, wala si ajabu kumwona mwalimu akiipita mada hiyo mbio mbio ili asiulizwe maswali. Hali hii haiifai sayansi, na wala haiifai dini. Mwanafunzi anayejifunza kwamba maarifa ni maneno ya kumridhisha msahihishaji hajajifunza sayansi hata kidogo.

Dawa yake si kuzinyamazisha pingamizi, bali ni kuzichambua. Pingamizi za Kikristo dhidi ya mageuko ni za namna tatu: zinazohusu maana ya maandiko, zinazohusu ushahidi, na zinazohusu utu na maadili. Kila namna ina mahali pake pa kujibiwa. Vurugu huanza pale swali la namna moja linapotolewa jibu la namna nyingine.

Maana ya maandiko

Pingamizi la kwanza ni kwamba kitabu cha Mwanzo kinasema ulimwengu uliumbwa kwa siku sita, na kila kiumbe kwa jinsi yake. Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland alihesabu vizazi vilivyotajwa katika Biblia na kufikia uamuzi kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Wataalamu wa miamba wa leo wanaukadiria umri wa dunia kuwa miaka bilioni 4.5. Hapana njia ya kuzipatanisha hesabu hizi mbili.

Lakini ni kosa kudhani kwamba Wakristo wote wamekuwa wakizisoma siku hizo sita kama siku za kalenda. Augustino wa Hippo, askofu Mwafrika aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika mwanzoni mwa karne ya tano kuhusu kitabu hicho cha Mwanzo. Aliwaonya Wakristo wasitumie maandiko kusema mambo ya mbingu na nchi wasiyoyajua, kwani msikilizaji anayeyajua mambo hayo atawacheka, kisha atayadharau hata maandiko yenyewe. Augustino aliyasema hayo zaidi ya miaka 1,400 kabla Charles Darwin hajatoa kitabu chake cha asili ya spishi mwaka 1859. Kanisa Katoliki nalo, kwa waraka wa Papa Pius XII wa mwaka 1950, liliruhusu uchunguzi juu ya asili ya mwili wa binadamu, huku likishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu. Mwaka 1996 Papa John Paul II alikiri kwamba mageuko yamekuwa zaidi ya nadharia tete.

Kwa hiyo ugomvi juu ya siku sita ni, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa Wakristo wenyewe kwa wenyewe kuhusu namna ya kusoma kitabu chao. Mwalimu wa biolojia hana mamlaka ya kuuamua. Anachoweza kusema ni hiki: umri wa mwamba hupimwa kwa mwamba.

Ushahidi

Pingamizi za namna ya pili hudai kwamba sayansi yenyewe haikuthibitisha mageuko. Hizi ndizo zinazomhusu mwalimu moja kwa moja, na hana budi kuzijibu.

Husemwa kwanza kwamba mageuko ni "nadharia tu". Katika Kiswahili cha shuleni neno nadharia huwekwa mkabala na vitendo, na mtu wa nadharia huchukuliwa kuwa msemaji asiyetenda. Katika sayansi neno hili lina uzito mwingine. Wazo ambalo bado halijapimwa huitwa nadharia tete. Nadharia yenyewe ni maelezo yanayounganisha mambo mengi yaliyokwisha kuchunguzwa na kupimwa mara kwa mara. Kwamba vitu vyote vimejengwa kwa atomi ni nadharia. Kwamba vijidudu husababisha maradhi ni nadharia. Hakuna mgonjwa wa kipindupindu anayekataa dawa kwa kuwa elimu ya vijidudu ni nadharia tu.

Husemwa pili kwamba umri wa visukuku ni wa kubuni. Katika Bonde la Olduvai, Tanzania, ambako Mary Leakey aligundua fuvu mashuhuri la Zinjanthropus mwaka 1959, umri wa tabaka lililokuwa na fuvu hilo ulipimwa kwa jivu la volkano. Jivu hilo lina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo unaojulikana: nusu yake huisha kwa muda wa miaka bilioni 1.25. Volkano inapolipuka, joto huifukuza agoni iliyokuwamo, na saa huanza kuhesabu upya. Kwa kupima agoni iliyokusanyika tangu hapo, wachunguzi walipata umri wa miaka milioni 1.75. Njia nyingine, zinazotegemea elementi nyingine, zimekuja kutoa majibu yanayokaribiana na hilo. Anayetaka kukataa hesabu hii anapaswa kueleza ni kwa nini saa mbalimbali, zisizotegemeana, zinakosea kwa kiasi kile kile.

Tatu, na hili ndilo linalopendwa zaidi na wanafunzi, huulizwa: ikiwa mtu alitokana na nyani, mbona nyani wangalipo, na mbona hawageuki kuwa watu? Jibu lake halina ugumu kwa mtu anayeujua ukoo. Binamu hakumzaa binamu mwenzake. Wote wawili wametoka kwa babu mmoja, na kuwapo kwa mmoja hakumzuii mwingine kuwapo. Sayansi haisemi kwamba mtu alizaliwa na nyani wa leo wala na sokwe wa Gombe. Inasema kwamba mtu na sokwe walikuwa na wahenga wa pamoja miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na kwamba nyani ni jamaa wa mbali zaidi, waliotengana na ukoo huo zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita.

Ushahidi wa ujamaa huo umo ndani ya chembe hai. Sokwe ana kromosomu 48, na binadamu ana 46. Ikiwa wana asili moja, jozi moja ya kromosomu imekwenda wapi? Uchunguzi ulionyesha kwamba kromosomu ya pili ya binadamu ni mbili zilizoungana: katikati yake kuna alama ambazo kwa kawaida huonekana kwenye ncha tu. Nadharia ilidai kuwapo kwa kiungo, na kiungo kikapatikana. Hiyo ndiyo tofauti kati ya nadharia na kubahatisha.

Nne, wapo wanaokubali kwamba viumbe hubadilika kidogo, lakini wanakana kwamba mabadiliko madogo yanaweza kuzaa makubwa. Ni vema kwanza kuona uzito wa hayo yanayoitwa madogo. Vimelea vya malaria viliishinda klorokwini kwa uteuzi asilia: dawa iliviua vilivyo dhaifu, vilivyo sugu vikabaki na kuzaana, hata Tanzania Bara ikalazimika kuiacha dawa hiyo kama tiba ya kwanza mwaka 2001. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu jeni hiyo, ambayo huleta ugonjwa mkali kwa anayeirithi kwa wazazi wote wawili, haikutoweka katika nchi zenye malaria.

Ama kuhusu makubwa, katika Ziwa Viktoria yamepata kuwako mamia ya spishi za furu, wengine wenye meno ya kuvunjia konokono, wengine wala samaki, wengine wala majani ya majini. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba ziwa hilo lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, na kwamba utitiri huo wa samaki ulitokea baada ya hapo. Kwa muda ulio mrefu zaidi, mabadiliko huwa makubwa zaidi. Mwaka 2004, kaskazini ya mbali ya Kanada, kilifukuliwa kisukuku cha samaki aitwaye Tiktaalik, mwenye umri wa miaka milioni 375. Ana magamba na mapezi, lakini ana shingo, na ndani ya mapezi yake mna mifupa inayofanana na ya bega, kiwiko na kifundo cha mkono. Wachunguzi hawakumkuta kwa bahati nasibu. Waliichagua miamba ya umri ule kwa sababu nadharia iliwaambia kwamba huko ndiko apasapo kuwa.

Utu na maadili

Pingamizi za namna ya tatu ndizo zenye uzito mkubwa moyoni, na mara nyingi ndizo zinazojificha nyuma ya nyingine zote. Mtu huogopa kwamba akikubali kuwa yu jamaa ya wanyama, basi hapana sababu ya kuishi kama mtu. Hofu hii haistahili kudharauliwa.

Mfano mzuri ni kesi iliyosikilizwa Dayton, katika jimbo la Tennessee, Marekani, mwaka 1925. Mwalimu John Scopes alitozwa faini ya dola 100 kwa kufundisha kwamba mwanadamu ametokana na wanyama, kinyume cha sheria ya jimbo hilo. Aliyesimama upande wa mashtaka alikuwa William Jennings Bryan, ambaye alikuwa amegombea urais mara tatu. Wengi humkumbuka Bryan kama mtu aliyeshupalia siku sita, lakini alipohojiwa mahakamani alikiri kwamba siku hizo zingeweza kuwa vipindi virefu. Alichokiogopa zaidi ni fundisho kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumkanyaga mnyonge. Kitabu cha biolojia kilichotumika Dayton kiliwapanga binadamu katika madaraja na kuwaweka Wazungu juu kabisa, tena kikasifu mpango wa kuwazuia watu walioitwa duni wasizae.

Msomaji wa Afrika anapaswa kulitafakari jambo hilo. Bryan hakuwa na haki ya kutaka mwalimu aadhibiwe kwa kufundisha sayansi, na sheria ile ilifutwa mwaka 1967. Hata hivyo, hofu yake kuhusu matumizi mabaya ya sayansi haikuwa ya bure. Na lililokibomoa kitabu kile si kukataliwa kwa mageuko, bali ni maendeleo ya sayansi hiyo hiyo. Visukuku na jeni vimeonyesha kwamba binadamu wote wa leo ni wa spishi moja iliyoanzia Afrika, na kwamba madaraja yale ya rangi hayakuwa na msingi.

Zaidi ya hayo, kueleza jinsi kitu kilivyotokea si kuamuru jinsi watu wanavyopaswa kutenda. Simba huua watoto wa simba dume aliyemshinda; hakuna mwenye akili anayechukua hilo kuwa sheria ya ndoa. Wema na ubaya hutafutwa katika dini, katika falsafa na katika mila za watu, na maabara haina chombo cha kuvipimia. Kwa sababu hiyo hiyo, mwanasayansi anayetangaza kwamba mageuko yamethibitisha kuwa hakuna Mungu amevuka mpaka sawasawa na mhubiri anayeamua umri wa miamba. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wajenzi wakuu wa elimu ya mageuko katika karne ya 20, alikuwa Mkristo wa Kanisa la Kiothodoksi, na hakuona haja ya kuacha kimoja ili ashike kingine.

Wajibu wa mwalimu

Inapasa basi mada ya mageuko ifundishwe kamili, pamoja na ushahidi wake, bila kuomba radhi na bila kejeli. Mwanafunzi anayeuliza kwa jina la imani yake asichekwe, maana anayechekwa huziba masikio. Aulizwe kwanza swali lake ni la namna gani. Likiwa la ushahidi, lijibiwe kwa mwamba, kwa mfupa na kwa jeni. Likiwa la maana ya maandiko, apelekwe kwa mwalimu wa dini, na aambiwe wazi kwamba Wakristo wenyewe wana majibu zaidi ya moja. Likiwa la maadili, lijadiliwe kwa heshima, kwa kuwa ni swali la kila mtu.

Wala mwanafunzi halazimishwi kukiri mageuko kama mtu anavyokiri imani. Anachodaiwa ni kuelewa: aweze kueleza nadharia inasema nini, imesimama juu ya nini, na ni ushahidi gani ungeweza kuiangusha. Akiyajua hayo, hukumu ni yake. Nchi zilizohifadhi nyayo za Laetoli na mifupa ya Turkana hazina sababu ya kuwaachia wageni peke yao kazi ya kuisoma hazina hiyo. Daktari atakayepambana na vimelea sugu, bwana shamba atakayepambana na wadudu wasiokufa kwa dawa, na mchunguzi atakayemfuata Kamoya Kimeu, wote wameketi leo katika madawati ya sekondari. Sura inayorukwa darasani huwa ni pengo katika kazi yao ya kesho.