SELI SHINA: KISWAHILI KISIACHWE NJE YA MAABARA

Hudaiwa mara nyingi, hata na baadhi ya wasomi, kuwa Kiswahili ni lugha ya ushairi, ya soko na ya majukwaa ya siasa, na kwamba mambo ya maabarani yaachiwe Kiingereza. Wakereketwa wa lugha hii wamezoea kulijibu dai hilo kwa kutoa orodha za istilahi. Jibu hilo halitoshi. Yapo masuala ya sayansi ambayo wananchi hawawezi kuyaamua kwa haki mpaka yajadiliwe kwa lugha wanayoimudu. Suala la seli shina ni mojawapo.

Seli shina ni seli ambayo bado haijapewa kazi maalumu. Seli ya moyo hudunda, ya neva hupitisha ujumbe na ya ngozi huukinga mwili. Seli shina huweza kujigawa ikazaa nyingine kama yenyewe, au ikazaa seli zenye kazi kama hizo. Mwaka wa 1981, Martin Evans na Matthew Kaufman wa Cambridge walifaulu kukuza maabarani seli shina kutoka katika viinitete vya panya. Mwaka wa 1998, James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, akafanya vivyo hivyo kwa seli za binadamu. Kazi hiyo yahitaji subira ya mlezi. Seli huwekwa katika sahani juu ya tabaka la seli nyingine za kuziegemeza, zikatunzwa katika joto la nyuzi 37 na kubadilishiwa kimiminika cha lishe mara kwa mara. Zinaposongamana, hugawanywa na kuhamishiwa sahani mpya mithili ya miche inayotolewa kitaluni. Zikipuuzwa, hupoteza ushina wake na kugeuka seli za aina nyingine. Wahenga hawakuijua maabara, lakini waliposema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, waliitaja kanuni ya kwanza ya kazi hii.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na la kusema. Mfasiri asiye makini huiita kazi hii "utamaduni wa seli", kwa sababu neno moja la Kiingereza hutumika kwa mila za watu na pia kwa seli zinazooteshwa maabarani. Msomaji hukanganyikiwa, kisha Kiswahili hulaumiwa kwa umaskini, ilhali vitenzi kukuza, kuotesha na kulea vimekuwapo tangu jadi. Jina "seli shina" nalo lafaa. Mjerumani Ernst Haeckel alipotumia neno la maana hiyo mwaka wa 1868, alikuwa na taswira ya mti wa nasaba, shina na matawi yake. Anayesoma isimu naye amezoea kuona kitenzi kimoja kikinyambuliwa: pika, pikia, pikika, pikisha. Taswira hizo tayari zimo katika Kiswahili.

Hata hivyo, jambo hili si la istilahi tu. Seli za Thomson zilitoka katika viinitete vya siku chache vilivyotungishwa nje ya mwili kwa ajili ya watu waliotafuta watoto, vikabaki, na vikatolewa kwa utafiti kwa idhini yao. Kuzipata seli hizo ni kukivunja kiinitete. Kwa wengine, huko ni kuutoa uhai. Kwa wengine, ni kukifaidi kitu ambacho kingetupwa. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 chatamka kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Je, yai lililorutubishwa katika sahani, lisilowahi kukaa tumboni, ni mimba iliyotungwa? Katika Kiswahili, mwanamke ndiye ashikaye mimba; sahani haishiki. Yamkini mwanasheria ataona vingine. Lakini anayelijadili suala hili kwa Kiingereza pekee huenda asilione hata swali lenyewe, maadamu neno analolitumia halimkumbushi mama.

Watasema wengine kwamba ubishi umekwisha. Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha, kwa panya mwaka wa 2006 na kwa binadamu mwaka wa 2007, kuwa seli ya ngozi huweza kurejeshwa katika hali ya ushina kwa kutiwa jeni 4, bila ya kiinitete kuguswa. Waama, ugunduzi huo uliostahiki Tuzo ya Nobel mwaka wa 2012 umepunguza makali ya mjadala, lakini haukuumaliza, kwani seli za viinitete zingali zinatumiwa. Tena umezidisha uzito wa suala la idhini. Anayetoa kipande cha ngozi hutoa chanzo cha seli zinazoweza kukuzwa miaka mingi baada yake. Mwaka wa 1951, huko Baltimore, seli za saratani za Henrietta Lacks zilichukuliwa bila ya yeye kuombwa ruhusa, na hadi leo zinakuzwa maabarani. Ikiwa ndivyo alivyotendewa mgonjwa aliyesema lugha moja na madaktari wake, itakuwaje kwa yule asiyeielewa fomu anayoitia sahihi?

Isitoshe, katika nchi nyingi matangazo huwaahidi wagonjwa kwamba seli shina huponya kila maradhi. Ukweli ni kwamba tiba zilizothibitika ni chache, mashuhuri ikiwa upandikizaji wa uboho kwa wenye maradhi ya damu. Asiye na neno hana swali, na asiye na swali hutapeliwa.

Vyama vya Kiswahili vyuoni havina budi kuketi pamoja na wanafunzi wa biolojia, tiba na sheria. Zifasiriwe fomu za idhini, kisha asomewe mtu asiyekanyaga chuo, na aulizwe ameelewa nini. Asipoelewa, kosa si lake. Fomu na iandikwe upya. Kazi hiyo ingestahili tasnifu sawasawa na uhakiki wa riwaya, na faida yake ingemfikia mgonjwa aliye kitandani.