Safari ya Meli Haingoji Pensheni

Askari kijana wa Ludara aliyeoa juzi huambiwa na wazee kwamba safari ndefu ya meli ni starehe ya wastaafu. Sikubaliani nao: pensheni hungoja, magoti hayangoji. Hata hivyo, likizo yetu ina siku zake, na mkopo wa chama cha Wazalendo au Exodus ni wa kujengea, si wa kwenda baharini.

Basi na wapite Koboko, Arua na Pakwach hadi Paraa. Huko mashua ya injini hupandisha Mto Nile, kati ya viboko na mamba, hadi karibu na maporomoko ya Murchison. Meli Robert Coryndon, iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Ziwa Albert, iliangamia Butiaba kwa mafuriko ya miaka ya 1960. Waliosema "mwakani" hawakuipanda. Ila mke aulizwe kwanza, maana akiba ni ya wawili.